Seli za Haidrojeni Nazo Huzeeka

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule)



Nilipoombwa kuzungumza nilidhani nitatakiwa kusimulia habari za zamani: maharage yenye dumuzi, kengele ya alfajiri, na yule mwenzetu aliyeanguka kutoka kwenye mwembe wa Mkuu wa Shule. Hizo nimewaachia wanaozijua vizuri zaidi, na mwenye maembe mwenyewe yumo humu ukumbini, atajitetea.

Mimi nimepewa kazi nyingine. Kamati yetu imeletewa pendekezo kwamba fedha tulizochanga zinunue mtambo wa seli za haidrojeni, ili shule iwe na umeme wake yenyewe kila ule wa gridi unapokatika. Kwa kuwa nimekula mkate wangu miaka mingi kwa kazi ya umeme wa akiba, nimeombwa nieleze mtambo huo ni kitu gani, na utadumu muda gani. Swali la kwanza ni jepesi. La pili ndilo zito, nami nitakaa juu yake zaidi.

Katika kijitabu kilichoambatana na pendekezo hilo kuna sentensi moja iliyonifanya nivue miwani nikaifuta, kisha nikaisoma tena. Inasema kwamba ndani ya seli ya haidrojeni hakuna kinachozunguka, kwa hiyo hakuna kinachochakaa. Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo ni kweli. Nusu ya pili si kweli, na shule inayonunua mtambo kwa kuiamini itajuta.

Jaribio la Kidato cha Tatu

Wenzangu wa darasa letu watakumbuka kile chombo cha kioo chenye mirija miwili iliyosimama, kilichokuwa kikifungiwa kabatini kama dhahabu. Tulitia maji yenye asidi kidogo, tukaunga betri, na vipovu vikaanza kupanda. Mrija mmoja ulijaa haidrojeni, na mwingine ulijaa oksijeni, nusu yake. Wengi tulidhani jaribio limekwisha. Mwalimu wetu wa fizikia akaiondoa betri, akaunga voltimita kwenye nyaya zile zile, na mshale ukapanda hadi karibu volti moja. Tulikaa kimya. Akatuambia kwamba haidrojeni na oksijeni tulizozitenganisha kwa nguvu ya umeme zinataka kurudiana, na ziko tayari kuturudishia umeme ili zirudiane.

Hilo ndilo lililoonyeshwa mwaka 1839 na William Grove, mtu wa Wales aliyekuwa mwanasheria na mwanasayansi kwa pamoja. Mtambo tunaouzungumzia leo ni jaribio hilo hilo lililokuzwa. Upande mmoja hupita haidrojeni, upande wa pili hupita hewa, na katikati pana utando mwembamba kuliko unywele. Utando huo huruhusu kiini cha haidrojeni kupenya, lakini huizuia elektroni. Elektroni ikikosa njia ya mkato hulazimika kuzunguka nje kwa waya, na huko nje ndiko inakowasha taa zetu. Upande wa hewa vyote hukutana tena na kuwa maji. Kazi hiyo huharakishwa na chembe ndogo sana za platini zilizopandikizwa juu ya unga wa kaboni.

Seli moja ikifanya kazi hutoa kama volti 0.7 tu. Ndiyo maana seli nyingi hupangwa moja juu ya nyingine, kama sahani kabatini, na kubanwa pamoja kwa boliti. Hilo huitwa rundo, na rundo ndilo moyo wa mtambo.

Umri unaohesabiwa kwa saa

Gari tunauliza limetembea kilomita ngapi. Mtambo wa umeme uliosimama mahali pamoja tunauuliza umefanya kazi saa ngapi. Mwaka mzima una saa 8,760. Mwezi Desemba 1965, chombo cha Marekani kiitwacho Gemini 7 kilizunguka angani kwa siku 14, kikiendeshwa kwa umeme wa seli za haidrojeni. Hizo ni kama saa 330. Ulimwengu ulipiga makofi, na ulistahili kupiga. Lakini mtambo wa hospitali au wa kiwanda unaofanya kazi usiku na mchana hupita saa hizo kabla mwezi haujaandama mara ya pili. Gari la haidrojeni linatakiwa lifikishe kama saa 5,000, na hizo zinalitosha kwenda zaidi ya kilomita 200,000. Mtambo uliosimama, ili uwe na maana ya kibiashara, unatakiwa ufikishe saa 40,000, na watengenezaji wamekuwa wakizitafuta saa 80,000, yaani zaidi kidogo ya miaka tisa bila kupumzika.

Sasa seli huzeekaje? Haisimami ghafla kama jenereta iliyovunjika fito. Hupungukiwa volti kidogo kidogo, kwa kipimo kidogo mno hata kwa voltimita ya maabara yetu kisingeonekana. Tunakipima kwa maikrovolti, yaani sehemu moja ya milioni ya volti.

Vijana, chukueni kalamu mfuatane nami. Tuseme seli imeanza na volti 0.70, nayo inapoteza maikrovolti 2 kila saa. Baada ya saa 40,000 itakuwa imepoteza volti 0.08, na imebaki na 0.62. Imepungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 11. Hiyo ni seli iliyolelewa vizuri. Sasa tuseme inapoteza maikrovolti 10 kila saa. Hasara ile ile ya volti 0.08 itafika baada ya saa 8,000, yaani kabla ya mwaka kwisha. Mbili na kumi, zote za sehemu ya milioni: nani angeona tofauti siku ya kwanza? Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba na haba hukimwaga.

Tena volti ikipungua, hasara ni mbili. Kwanza, kwa gesi ile ile unapata umeme kidogo zaidi. Pili, nguvu iliyokosa kuwa umeme haipotei, bali hugeuka kuwa joto, na joto hilo huharakisha uzee uliobaki. Mzee huyu kadiri anavyozeeka ndivyo anavyokula zaidi na kupata homa zaidi.

Magonjwa ya seli

Magonjwa yake ni mengi, nami nitataja manne ya ile aina yenye utando.

La kwanza ni la platini. Chembe zake zikiwa mpya huwa na upana wa nanomita chache tu, na wingi wa chembe ndogo ndio unaotupa eneo kubwa la kufanyia kazi. Siku zinavyopita chembe ndogo huyeyuka na kwenda kujishikiza kwenye kubwa. Mmewahi kuona mchuzi ukipoa, jinsi matone madogo ya mafuta yanavyoungana na makubwa? Mafuta ni yale yale, lakini matone yamepungua. Hali kadhalika platini haijatoka, ila sehemu yake inayofanya kazi imepungua.

La pili ni la utando. Humo ndani huzaliwa kemikali kali ambazo huutafuna polepole, mpaka siku moja pakatokea tundu dogo kama la sindano. Hapo haidrojeni na hewa hukutana bila kupita kwenye waya, na seli imekwisha. Chembe za chuma, hata zile zinazotokana na kutu ya bomba, huuzidisha mtafuno huo. Utando wa seli za Gemini uliliwa haraka namna hiyo, na afueni kubwa ilikuja ulipopatikana utando wa Nafion, uliobuniwa katika maabara ya DuPont miaka ya 1960. Jambo jingine: utando hutaka unyevu. Ukikauka hupitisha umeme kwa shida, na ukikauka na kulowana mara nyingi hupasuka kama udongo wa bwawa wakati wa kiangazi.

La tatu ni sumu. Haidrojeni yenye monoksidi ya kaboni huigandisha platini isifanye kazi. Kiwango cha kimataifa cha haidrojeni ya magari hakiruhusu zaidi ya sehemu 0.2 za gesi hiyo katika milioni. Salfa ni mbaya zaidi, kwa sababu ikishaingia haitoki kwa urahisi. Na upande wa pili, seli huvuta hewa hii hii tunayoivuta sisi, pamoja na moshi wa dizeli na chumvi ya bahari kama chujio halikubadilishwa.

La nne ndilo linalowashangaza watu: kuwasha na kuzima. Mtambo ukizimwa, hewa hupenya polepole hadi upande wa haidrojeni. Ukiwashwa tena, haidrojeni huisukuma hewa hiyo, na kwa kitambo kifupi upande wa pili wa seli hupandishwa hadi karibu volti 1.5. Kwa volti hizo kaboni huungua na kuwa gesi, na platini iliyopandikizwa juu yake hukosa pa kushika. Kwa hiyo saa moja ya kuwasha na kuzima ovyo yaweza kuidhuru seli kuliko siku nyingi za kazi ya utulivu. Wahandisi wamebuni njia za kupunguza madhara hayo, lakini njia hizo zinataka mtambo uzimwe kwa utaratibu wake, na si kwa kuchomoa waya.

Hayo yote ni ndani ya rundo. Nje ya rundo kuna pampu, feni, vali, vipima joto na kigeuza umeme, na hivyo baadhi yake vinazunguka. Mara nyingi mtambo husimama kwa sababu ya kitu cha bei ndogo kilichoko nje, rundo lenyewe likiwa zima.

Ndugu wawili, mmoja New York, mmoja Japani

Sasa niwasimulie mambo yaliyotokea. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 ilijengwa mitambo miwili ya aina moja, ya asidi ya fosfori, kila mmoja wa megawati 4.5. Mmoja uliwekwa Manhattan, katikati ya jiji la New York. Wa pili uliwekwa Goi, karibu na Tokyo.

Ule wa New York ulikawia. Mtambo wa namna hiyo haukuwahi kuwekwa katikati ya majumba ya watu, na vibali pamoja na majaribio ya usalama vilichukua muda mrefu mno. Miaka ikapita huku marundo ya seli yakingoja. Hatimaye matatizo ya mabomba na vibali yalipomalizika, marundo yenyewe yalikuwa yameharibika kwa kukaa. Asidi ya fosfori ikiwa nzito hivyo huganda kwa kiasi cha nyuzi 42, kwa hiyo hata mtambo usiofanya kazi lazima uwekewe joto. Katikati ya miaka ya 1980 mpango ulifungwa na mtambo ukabomolewa. Haukuwahi kuliuzia jiji hata yuniti moja ya umeme.

Ndugu yake wa Goi aliwashwa mwaka 1983, akatoa umeme hadi mwaka 1985. Wajapani walijifunza kwake, wakajenga mwingine hapo hapo Goi wa megawati 11, ulioanza kazi mwaka 1991 na kuendelea hadi 1997.

Ndugu zangu, jembe lililowekwa darini huliwa na kutu. Kukaa bure hakukuuhifadhi mtambo ule, bali ndiko kulikouzeesha.

Ushahidi wa kinyume chake unatoka Ujerumani. Katika kituo cha utafiti cha Jülich, mwezi Agosti 2007, waliliwasha rundo dogo la seli za kauri, zinazofanya kazi kwa joto la nyuzi 700. Aina hii ina magonjwa yake mengine: kromi hutoka kwenye chuma kama mvuke na kuuziba upande wa hewa, na chembe za nikeli huungana na kuwa kubwa. Waliipaka chuma yake kinga, wakaliwasha, kisha wakafanya jambo ambalo wanadamu hatuliwezi: wakaliacha. Hawakulizima kila wikendi kuonyesha wageni. Liliendelea hadi mwaka 2019, zaidi ya saa 100,000, likipungua kwa kiasi cha nusu ya asilimia moja kila saa 1,000. Walipolizima, walilifungua na kulichunguza tabaka kwa tabaka, kama daktari anayetafuta sababu.

Angalieni vizuri lakini. Nusu asilimia mara 100 si kidogo, na rundo lile mwishoni halikuwa kijana. Lililotushinda kulipata kwingine ni daftari lake: miaka kumi na zaidi ya kumbukumbu za rundo moja, saa kwa saa.

Na huko Japani, tangu mwaka 2009 zinauzwa seli za majumbani zinazoitwa Ene-Farm, za kiasi cha wati 700, ndogo zaidi ya nguvu ya pasi ya umeme. Zimeingia katika nyumba zaidi ya 400,000. Za mwanzo zilikusudiwa kudumu saa 40,000, na miundo iliyofuata ikavuka 60,000. Zimefaulu kwa sababu gani? Nyumba za mijini huko zina bomba la gesi ukutani, na mtambo huitoa haidrojeni ndani ya gesi hiyo. Maji ya moto ya kuogea hutokana na joto lake, kwa hiyo hakuna kinachomwagwa. Na fundi wa kampuni ya gesi yuko karibu. Mtambo umesitawi kwa sababu umepandwa kwenye udongo wake.

Kosa langu mwenyewe

Ndugu Mwenyekiti, nisingetenda haki kama ningezungumza makosa ya New York nikayaficha yangu.

Nilipokuwa msimamizi wa umeme wa akiba katika minara ya simu, nilikabidhiwa mnara mmoja wa pwani wenye mtambo wa seli za haidrojeni. Gridi ikikatika, mtambo ushike kazi. Ulikuwa umetengenezwa ujiwashe wenyewe kwa muda mfupi kila mwezi, ili utando upate unyevu na vali zisigande. Kila ukijiwasha ulikula gesi, na chupa za gesi zilitoka mbali kwa lori, nami nilikuwa ninahojiwa kuhusu gharama. Basi nikalizima jaribio lile la kila mwezi. Nilijiambia kwamba ninaokoa gesi, na kwamba kitu kisichofanya kazi hakiwezi kuchakaa.

Palikuwa na daftari lenye safu ya jaribio la mwezi. Katika safu ile niliweka alama ya tiki nikiwa ofisini, mwezi baada ya mwezi.

Gridi ilikatika usiku mmoja wa masika. Betri ikaushikilia mnara kwa muda wake, kisha mtambo ukaitwa. Uliwaka, volti za seli kadhaa zikaporomoka, nao ukajizima wenyewe kwa usalama. Ukajaribu tena, ukajizima tena. Usiku kucha vijiji vyote vya upande ule havikuwa na simu. Asubuhi nilipofika nilimkuta mkunga wa zahanati amesimama chini ya mnara. Alikuwa ametafuta gari la wagonjwa tangu saa sita ya usiku, na mwishowe akamtuma kijana kwa baiskeli katika matope. Mama na mtoto walipona, namshukuru Mungu. Mkunga hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hivi mtambo huu huwa mnaupima?"

Mkononi nilikuwa na daftari linalosema ndiyo.

Seli zile zilikauka kwa kukaa, na chujio la hewa lilikuwa jeupe kwa chumvi. Rundo lilibadilishwa kwa fedha nyingi kuliko gesi yote niliyojidai kuiokoa. Nilikwenda kwa mkubwa wangu nikamweleza habari za tiki zile. Ilikuwa siku ngumu katika maisha yangu ya kazi, lakini tangu hapo sijatia alama mahali ambapo mkono wangu haukufika.

Pendekezo lililo mbele yetu

Turudi nyumbani. Je, shule yetu inunue mtambo huu? Nawaombeni msiniulize ni wa kilowati ngapi. Mwulizeni muuzaji maswali haya, naye ajibu kwa maandishi:

Rundo litadumu saa ngapi, na saa hizo zikitimia litakuwa limepungua kwa asilimia ngapi? Limehesabiwa kuwashwa na kuzimwa mara ngapi? Likikaa bila kazi miezi mitatu ya likizo na muhula, nani ataliamsha, na kwa gesi gani? Haidrojeni itatoka wapi, na usafi wake utathibitishwa na nani? Rundo likizeeka, jipya litagharimu kiasi gani, na fundi wa kulibadilisha anaishi mji gani?

Mimi mwenyewe nimepiga hesabu ya gesi. Chupa ya chuma ya lita 50, iliyoshindiliwa kwa shinikizo la angahewa 200, ina uzito unaozidi kilo 60, lakini haidrojeni iliyomo haifiki kilo moja. Ukiipitisha kwenye seli utapata kama yuniti 12 za umeme. Umeme ukikatika usiku mmoja, shule nzima inaweza kuila chupa hiyo kabla ya kengele ya asubuhi. Kisha chupa tupu irudi ilikotoka, kwa lori, kwa barabara mnayoijua.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba tusinunue mtambo huu sasa. Sisemi hivyo kwa kuwa teknolojia yenyewe ni mbaya. Penye gesi ya uhakika, fundi wa karibu na kazi isiyokatika, imethibitisha kwamba inadumu. Hapa petu ingekaa muda mwingi ikingoja, ikiwashwa na kuzimwa kwa kushtukiza, ikinywa gesi ya mbali. Hayo ndiyo mambo hasa yanayoizeesha. Fedha zetu ziweke paneli za jua juu ya paa la zahanati na la maktaba, pamoja na betri ambazo fundi wa mjini anaweza kuzipima. Betri nazo huzeeka, sitawadanganya, lakini uzee wake tunaujua na dawa yake iko karibu. Baadhi yenu mtaniona mzee mwenye woga, na kura ni yenu.

Lakini naomba kiasi kidogo kitengwe kwa ajili ya maabara. Nilipita jana, lile kabati lipo, chombo cha mirija miwili hakipo. Kinunuliwe kingine, pamoja na seli ndogo ya kufundishia inayotosha kuzungusha feni ya mkononi. Watoto hawa waione ile voltimita ikipanda, kama tulivyoiona sisi.

Na ninyi vijana wa sayansi, nawaachieni kazi. Iungeni seli hiyo na balbu ndogo, muipime volti zake kila wiki, muziandike katika daftari lenye jina la aliyepima. Mkimaliza Kidato cha Nne, muwakabidhi daftari wale wa Kidato cha Tatu. Siku hazitapita nyingi mtaanza kuona mstari unashuka. Msiogope, na msiunyooshe kwa kalamu. Mtu anayejua mtambo wake unapungua kwa kiasi gani anaweza kujiandaa. Asiyejua hungoja mpaka usiku wa masika.

Miaka ijayo watakuja watu na mitambo mipya ambayo hata mimi siijui, nao watatuambia kwamba haichakai. Siku hiyo natumaini miongoni mwenu atasimama mmoja aliyejifunza hapa, amwulize muuzaji kwa adabu, "Daftari liko wapi?"